Mtoto Mgongoni, Mtoto Kigarini: Safari za Watoto Wadogo Tottenham

Jina la Tottenham likitajwa katika vikao vyetu, mazungumzo huenda moja kwa moja kwenye mpira. Si ajabu. Klabu ya Tottenham Hotspur iliundwa mwaka 1882 na sifa zake zimefika kila kibanda cha kuonyeshea mechi, kuanzia Kariakoo hadi Goma. Lakini Tottenham ilikuwa mtaa kabla ya kuwa timu. Uko kaskazini mwa London, katika manispaa ya Haringey, na barabara yake kuu inafuata njia ya kale ya Warumi. Miongoni mwa wakazi wake wa leo wamo Wasomali, Wakongo, Waganda na Wakenya, na kwa baadhi yao Kiswahili ni lugha ya nyumbani au angalau lugha ya kupatania bei. Katika makala haya tunauliza swali moja kuhusu mtaa huo: mzazi mwenye mtoto mchanga aliwezaje kutoka nyumbani na kufika alikokusudia?

Swali hili limepuuzwa, na sababu yake ni rahisi. Historia ya usafiri huandikwa kwa tiketi: abiria wangapi, nauli kiasi gani, faida au hasara. Mtoto wa mikononi halipi nauli, hana tiketi, basi hayumo katika hesabu. Hata kwenye daladala zetu sheria ya kondakta ni hiyo hiyo: aliyepakatwa ni bure, aliyekalia kiti ni abiria. Kwa hiyo anayemtafuta mtoto mdogo katika historia hii inambidi asome vitu vingine, yaani ngazi, milango, magurudumu na nguo.

Tuanze na reli. Mwaka 1872 kampuni ya Great Eastern ilifungua njia iliyopita Seven Sisters, Bruce Grove na White Hart Lane. Kampuni hiyo ilikuwa ikibomoa nyumba za maskini katikati ya jiji ili ipate nafasi ya stesheni yake ya Liverpool Street, na sheria ya Bunge ya mwaka 1864 iliilazimisha iendeshe treni za wafanyakazi kwa peni mbili, kwenda na kurudi. Ndivyo Tottenham ilivyojaa vibarua, mafundi na makarani. Kufikia mwaka 1901 ilikuwa na watu zaidi ya 100,000. Wanahistoria wa London huisifu tiketi hiyo ya peni mbili, na wana haki. Ila tunaona jambo moja limewapita: treni zile ziliondoka alfajiri na zilimlenga mtu anayekwenda kazini. Mke wake, mwenye mtoto wa miezi sita na mwingine wa miaka miwili, hakuwa na safari ya alfajiri. Akitaka kwenda kumwona mama yake mjini mchana, alilipa nauli ya kawaida, tena baada ya kupanda ngazi, kwa kuwa reli yenyewe ilipita juu ya barabara. Reli iliujenga mtaa, kisha ikamwacha mama ndani yake.

Sikukuu zilikuwa kitu kingine. Mwaka 1878 tawi dogo la reli lilifunguliwa kutoka Seven Sisters hadi Palace Gates, karibu na jumba la burudani la Alexandra Palace, na familia zikapata mahali pa kupeleka watoto kucheza. Tawi hilo lilifungwa kwa abiria mwaka 1963.

Siku za kazi mama alibaki na kigari cha mtoto. Hapa inafaa tusimame kidogo, kwa kuwa ndipo lugha yetu inapotusaidia kuona. Kiswahili kina vitenzi vingi vya kumchukua mtoto. Tunambeba, tunampakata, tunambeleka mgongoni kwa mbeleko, tunamweleka kiunoni. Kila kitenzi kina kiungo chake cha mwili: mikono, mapaja, mgongo, nyonga. Kigari hakikuwa na kitenzi chake. Tulilazimika kuazima kusukuma, ambalo ni neno la mkokoteni na la gari lililozimika njiani. Mwingereza wa enzi ya Malkia Victoria alikuwa na fahari kubwa na kigari chake. Kampuni ya Silver Cross, iliyoanzishwa Leeds mwaka 1877, ilitengeneza vigari vyenye chemchemi na magurudumu makubwa, na mtoto alilala ndani kama bwana mdogo. Lakini kigari cha namna hiyo ni kizito na hakikunjiki. Kinafika dukani, kanisani na bustanini, basi. Aliyekuwa nacho alikuwa na eneo lake, na mpaka wa eneo hilo ulikuwa mwisho wa nguvu za miguu yake.

Septemba 1939 mpaka huo ulivunjwa na vita. Kwa siku chache tu watu milioni moja na nusu hivi walihamishwa kutoka miji ya Uingereza kwenda mashambani, na Tottenham ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyohamisha watoto wake. Wanafunzi walikwenda na walimu wao, ila wenye umri chini ya miaka mitano walikwenda na mama zao. Hiyo ndiyo mara ya kwanza tunayoijua ambapo serikali iliketi ikapanga safari kwa kumhesabu mtoto mdogo kama msafiri. Bomu ndilo lililompa nafasi katika orodha.

Baada ya vita mambo yalirudi yalivyokuwa. Mwaka 1961 yale mabasi ya umeme yaliyofuata nyaya kwenye barabara kuu ya Tottenham yaliondolewa, yakaja Routemaster. Basi hilo jekundu leo linauzwa kwenye vikombe na vifungo vya funguo, na watalii wanalipenda mno. Sisi tunaomba radhi kwa watakaokerwa, lakini kwa mzazi lilikuwa basi gumu. Mlango wake ulikuwa nyuma, wazi, wenye jukwaa la kurukia. Kisha kipandio, kisha ujia mwembamba. Kigari hakikuingia kikiwa kimefunguliwa. Mama alisimama kituoni akiwa na mtoto mkono mmoja, kigari mkono wa pili, na mfuko wa vitu mahali pa tatu ambapo binadamu hana mkono. Akibahatika, kondakta alimpokea kigari akakisukumiza kwenye nafasi iliyo chini ya ngazi. Asipobahatika, alingoja basi jingine.

Aliyempunguzia mzigo alikuwa mhandisi wa ndege. Owen Maclaren, ambaye wakati wa vita alishughulikia magurudumu ya kutulia ya ndege za Spitfire, alibuni mwaka 1965 kigari cha alumini kinachokunjika kama mwavuli, na kikaanza kuuzwa mwaka 1967. Kilikuwa na uzito wa kilo tatu hivi. Magurudumu ya ndege hukunjwa yakaingia ndani yake. Kigari nacho kikakunjwa kikaingia kwapani mwa mama. Mwaka uliofuata, Septemba 1968, njia ya Victoria ya treni za chini ya ardhi ilifunguliwa ikiwa na vituo vya Seven Sisters na Tottenham Hale, na kwa wakati wake ilikuwa ya kisasa kabisa: treni ziliendeshwa kwa mitambo. Hata hivyo abiria waliteremshwa kwa ngazi za umeme. Wapangaji waliofikiria namna ya kumpunguzia dereva kazi hawakumfikiria mwenye kigari.

Ni katika miaka hiyo watu wa kwetu walipoanza kufika kwa wingi Uingereza. Mwaka 1968 walikuja Wahindi wa Kenya, wakikimbizana na sheria ya uhamiaji ya Machi mwaka huo. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Wahindi wa Uganda siku 90, na wapatao 28,000 wakaja Uingereza. Ndege ya kwanza ilitua Stansted tarehe 18 Septemba, na familia zikapelekwa makambini, kwanza Stradishall huko Suffolk. Wengi walihamia baadaye Leicester na upande wa magharibi wa London, wachache zaidi Tottenham. Tunawataja kwa sababu safari yao inaonyesha jambo linalohusu wote waliofuata. Katika nyumba nyingi za Kampala au Nairobi mtoto alikuwa na migongo mingi: yaya, shangazi, dada mkubwa, nyanya, jirani. Ndege ilimleta mtoto na mama. Migongo mingine ilibaki. Mwanamke ambaye hakuwahi kwenda sokoni na mtoto peke yake alijikuta kituo cha basi, mvua inanyesha, hana wa kumwambia "nishikie kidogo".

Waliofika Tottenham kwa wingi zaidi walikuja baadaye: Waganda waliokimbia vita vya miaka ya 1980, Wakongo walioikimbia Zaire ya Mobutu na vita vilivyofuata, na Wasomali baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka mwaka 1991. Miongoni mwa hao wa mwisho wamo Wabarawa, ambao Chimwini chao ni ndugu wa lahaja zetu za pwani. Wengi wao walipita kwa bahari hadi Mombasa kabla ya kufika kaskazini mwa London. Safari hizo watoto walizifanya mwilini mwa wazazi wao. Kigari hakipandi jahazi.

Nao wakakuta Routemaster bado linatembea. Hapo mbeleko ilikuwa na faida ambayo mhandisi wa Spitfire hakuifikia. Mama aliyembeleka mtoto ana mikono miwili. Anashika chuma, anapanda jukwaa, analipa nauli, anakaa upande. Lakini nguo iliyofaa jua la Mombasa inagombana na baridi ya Januari. Koti livaliwe juu ya mtoto, au mtoto juu ya koti? Juu ya koti anateleza na kupigwa na upepo. Chini ya koti, vifungo havifungi. Na kulikuwa na macho ya watu. Leo vitambaa vya kubebea watoto vinauzwa London kwa bei ghali na wazungu wanafundishana kuvifunga, ila wakati ule mgongo ulionekana ni ushamba na kigari ndicho ustaarabu. Kwa hiyo akina mama wengi walifanya yote mawili. Hata sasa, ukipita West Green Road penye maduka ya Kiafrika, unaweza kukuta kigari kimejaa ndizi na unga huku mwenyewe kigari yuko mgongoni, amelala.

Je, nani aliufungua mlango wa basi? Tungependa kusema ni akina mama, lakini ukweli ni mwingine. Ni watu wenye ulemavu. Mwaka 1990 walijiweka na viti vyao vya magurudumu mbele ya mabasi katika Oxford Street, wakasimamisha magari yote, wakidai nao wapande. Mwaka 1994 London ilipata mabasi yake ya kwanza ya sakafu ya chini. Mwaka 1995 Bunge likapitisha sheria dhidi ya ubaguzi wa walemavu. Basi nambari 73, ambalo liliunganisha Tottenham na Oxford Street hiyo hiyo, lilikuwa Routemaster hadi mwaka 2004, yalipoingia mabasi marefu yenye kiungo katikati na milango mitatu mipana. Desemba 2005 Routemaster likaacha kazi za kawaida. Mwaka huo pia watoto wote chini ya miaka 16 walianza kupanda mabasi ya London bure. Kwa familia ya Tottenham yenye watoto wanne na isiyo na gari, hiyo haikuwa habari ndogo: Jumamosi ilipata ukubwa mpya.

Mgogoro ukafuata, maana nafasi ni moja. Februari 2012 Doug Paulley, anayetumia kiti cha magurudumu, alishindwa kupanda basi la kwenda Leeds kwa sababu mwanamke mmoja alikuwa ameweka kigari mahali pake, mtoto amelala, na akasema hakikunjiki. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, ambayo Januari 2017 iliamua kwamba haitoshi dereva kuomba tu. Akikataliwa bila sababu ya maana, inambidi afikirie kushinikiza zaidi, hata kwa kusimamisha basi kwa dakika kadhaa. Sisi tunaunga mkono hukumu hiyo. Nafasi ile ilipiganiwa na watu wa viti, na mwenye kigari aliingia kwa mlango walioufungua wao. Lakini tunaelewa pia kwa nini mama yule hakukubali. Aliyewahi kumlaza mtoto baada ya saa mbili za kilio anaelewa. Na vigari vya leo, vyenye magurudumu matatu na vikapu kama pakacha, vimerudi kuwa vizito karibu kama vya enzi ya Malkia Victoria. Kadiri basi lilivyopanuka ndivyo navyo vilivyonenepa.

Chini ya ardhi, kazi imekwenda polepole zaidi. Tottenham Hale ina lifti hadi kwenye treni. Seven Sisters, kituo kinachotangulia kwa anayetoka mjini, bado ni ngazi za umeme. Mzazi anayekaa karibu na Seven Sisters, mwenye kigari na asiye na wa kumshikia upande wa pili, hupitiliza nyumbani kwake kwa kituo kimoja, hupanda lifti Tottenham Hale, kisha hungoja basi la kumrudisha.