Mafuta Hayasemi Yametoka Wapi

Ukitaka kuchekwa Bariadi, keti penye chakula useme huli nyama. Kwetu Usukumani ng'ombe ndiye mahari, ndiye benki, ndiye heshima ya mji. Anayekataa nyama huulizwa kama anaumwa. Lakini watu hao wapo, tena wamekuwepo zamani, na kilio chao ni kimoja: nyama wanayolishwa bila kuiona.

Tuanze na pamba. Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012 ukitoka Shinyanga, ila pamba ni mkongwe kuliko mkoa. Wajerumani waliihimiza, Waingereza wakaiendeleza. Kabla ya ushirika, wengi wa walionunua na kuchambua pamba walikuwa Wahindi. Wazee wanawakumbuka kwa ugomvi wa mizani, uliochangia kuzaliwa kwa VFCU mwaka 1955 chini ya Paul Bomani. Sawa, lakini miongoni mwa Wahindi wa Afrika Mashariki walikuwemo Wabaniani na Wajaini wasiogusa nyama. Mjaini anayeshika dini yake hali hata yai.

Watu wa imani hizo walikwisha kuonyesha huko kwao kwamba jambo hili si mzaha. Mwaka 1857 askari wa Kihindi waliotumikia Waingereza walipewa risasi ambazo karatasi yake ilikatwa kwa meno. Uvumi ukaenea kwamba imepakwa mafuta ya ng'ombe na ya nguruwe. Mhindu akakasirika, Mwislamu naye akakasirika. Sababu za uasi ule zilikuwa nyingi, lakini cheche ilikuwa mafuta. Mwaka uliofuata Kampuni ya Mashariki ya India ikanyang'anywa utawala.

Sasa rudi kwenye pamba yetu. Mbegu yake hukamuliwa mafuta ya kupikia, na mashudu hulishwa ng'ombe. Mafuta hayo yana historia ya kujificha. Marekani, miaka ya 1880, wauzaji wa mafuta ya nguruwe waliyachanganya humo kisirisiri kwa kuwa ni rahisi. Mnunuzi alidhani amepata nguruwe mtupu, kumbe na pamba imo! Baadaye kampuni ya N. K. Fairbank ya Chicago ikauza Cottolene. Jina linataja pamba, ndani mna na mafuta ya ng'ombe. Mwaka 1911 Procter & Gamble wakatoa Crisco, ya mafuta ya pamba pekee, wakaitangaza hata kwa Wayahudi, ambao nguruwe kwao ni haramu.

Utasema hayo ni ya kale. La hasha! Mwaka 1990 McDonald's ilitangaza kwamba viazi vyake Marekani vitakaangwa kwa mafuta ya mimea. Wahindu wa huko wakala kwa amani. Kumbe viazi vimetiwa kiungo cha ladha kilichotokana na ng'ombe, na maelezo yaliandika tu kwamba ni ladha ya asili. Mwaka 2001 wakaishitaki. Mwaka 2002 kampuni ikaomba radhi na kukubali kutoa dola milioni 10, zigawiwe kwa mashirika ya Wahindu, ya wasiokula nyama na mengineyo.

Nasimulia haya kwa sababu ya mama yangu mdogo. Yeye ni Msabato. Kanisa lake, lililofika nchini enzi za Wajerumani, linakataza nguruwe na linashauri, bila kulazimisha, kuacha nyama kabisa. Yeye aliuchukua ushauri wote. Siku moja tulikwenda harusini, akapakuliwa wali na maharage. Akauliza, "Humu hamna nyama?" Mpishi akajibu kwa upole kabisa, "Hamna mama, ni supu tu nimeongezea."

Watu wakacheka. Mama mdogo akaweka sahani chini, akashinda na soda hadi jioni.

Nimelitafakari jibu lile. Mpishi hakudanganya. Kwetu nyama ni kipande, kile unachokishika na kukigombania na ndugu yako. Supu si nyama, samli si nyama, mafuta si nyama. Kisichoonekana hakihesabiwi. Na kampuni ya Marekani, pamoja na wanasheria wake wote, ilisema lugha ileile ya mpishi wetu! Tofauti ni kwamba mpishi uliweza kumuuliza, akakujibu hapohapo.

Hapo ndipo penye hatari kwetu vijana wa mjini. Bibi alijua kilichomo chunguni kwa sababu ng'ombe alimkamua yeye na karanga alizitwanga yeye. Sisi tunakula vya pakiti. Jelatini ya kwenye pipi na kwenye vidonge vya rangi mbili hutengenezwa kwa ngozi na mifupa, ya ng'ombe au ya nguruwe. Nani dukani atakwambia ni ya yupi?

Mimi nyama nakula, tena mfupa nauvunja. Lakini anayekataa kitu ana haki ya kujua kimo au hakimo, awe Mbaniani, Mwislamu, Msabato au mgonjwa aliyekatazwa na daktari. Akiuliza, tusicheke. Tumwambie na supu, tumwambie na mafuta. Aamue mwenyewe.