Mama Wawili, Watoto Wawili

Ndugu msomaji, riwaya yangu ya kwanza bado haijaisha, lakini kila nikishika kalamu nawakumbuka wajane wawili wa karne ya 16. Kwangu mimi hawa wanawapita wapiganaji wote.

Habari yenyewe ni hii. Usultani wa Adal, wa Waislamu, ulipakana na ufalme wa Kikristo wa Uhabeshi. Walipigana, ndiyo, lakini pia walifanya biashara. Hata Malkia Eleni, aliyemwandikia mfalme wa Ureno mwaka 1509 kuomba urafiki, alizaliwa binti wa mtawala wa Kiislamu wa Hadiya! Basi mtu asinidanganye eti yalikuwa mambo ya dini tupu.

Mwaka 1529 Imamu Ahmad bin Ibrahim wa Adal, ambaye Wahabeshi walimwita Gragn, yaani mashoto, alimshinda Mfalme Lebna Dengel pale Shimbra Kure. Akateka sehemu kubwa ya nchi. Baadaye Waturuki wakampa Imamu askari wa bunduki. Wareno 400 nao wakaja 1541 kuwasaidia Wakristo, wakiongozwa na Cristóvão da Gama, mtoto wa yule Vasco aliyefika Malindi 1498. Cristóvão akakatwa kichwa 1542. Februari 1543, huko Wayna Daga, Imamu naye akauawa kwa risasi.

Wengi huishia hapo. Mimi naona ndipo kisa kinapoanza.

Seble Wongel, mjane wa Lebna Dengel, alikuwa na mwana, Minas, aliyetekwa 1539 na kupelekwa Yemen kwa Waturuki. Bati Del Wambara, mjane wa Imamu, mwanawe Muhammad alikuwa mikononi mwa Wakristo. Wajane hao wakaafikiana, wakabadilishana watoto. Hebu fikiri, bwana: mume wa mmoja alikufa mkimbizi, akisakwa na mume wa mwenzie! Sisi wa Mugoma, huku Ngara, tuliopakana na Burundi, hatuhitaji kuelezwa maana ya kumngoja mtu aliye ng'ambo ya mpaka.

Lakini amani haikuja. Del Wambara aliolewa na Nur bin Mujahid wa Harar kwa sharti amlipie kisasi mumewe. Mwaka 1559 jeshi la Nur likamwua Mfalme Galawdewos, mwana mwingine wa Seble Wongel. Kiti kikaenda kwa mdogo wake Minas, yule yule aliyekombolewa kwa mtoto wa Del Wambara.