Ufundi Usiofichwa: Funzo la Litowa kwa Wakulima wa Masagati

Chama kinapotimiza miaka kumi, desturi ni kuhesabu magunia na fedha. Hesabu hizo ni za lazima, lakini iko hesabu nyingine isiyoandikwa katika daftari. Mvua za masika zikiharibu njia ya Mlimba, na mashine ya kukobolea mpunga ikanyamaza, je, mwanachama wa Masagati aweza kuifungua na kuitengeneza, au hana budi kungoja fundi wa mbali? Swali hili limekwisha kuulizwa katika nchi yetu zamani, na yafaa kila mwanachama aijue historia yake.

Mwaka 1960 vijana wa TANU Youth League wa Songea, wakiongozwa na Ndugu Ntimbanjayo Millinga, waliingia porini mahali paitwapo Litowa ili waanzishe kijiji cha kulima pamoja. Mwanzo ulikuwa mgumu. Chakula kilipungua na kazi ikavunjika. Mwaka 1961 wakaanza tena. Mwaka 1963 ukaundwa umoja wa vijiji vya namna hiyo, ulioitwa Ruvuma Development Association. Bwana Ralph Ibbott, Mwingereza aliyekuwa amefanya kazi katika shamba la misheni ya St. Faith's huko Rhodesia ya Kusini, alikuja na jamaa yake kukaa Litowa akiwa mshauri. Kufikia 1969 vijiji vya umoja huo vilikuwa 17.

Nguvu ya vijiji hivyo haikuwa katika shamba peke yake. Kila jambo kubwa liliamuliwa katika mkutano wa wanakijiji wote. Umoja ulikuwa na mashine ya kusaga nafaka, kiwanda cha kupasua mbao na karakana. Na wanavijiji wenyewe ndio waliojifunza kuziendesha kazi hizo. Katika shule ya Litowa watoto walisoma vitabu na kulima pia. Mwalimu Nyerere aliipenda sana kazi hiyo, na mawazo yake yaonekana katika maandiko yake ya 1967, “Elimu ya Kujitegemea” na “Ujamaa Vijijini”.

Hata hivyo, mwezi Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliamua kuuvunja umoja huo. Mali yake ilichukuliwa, na walimu wa Litowa wakahamishiwa shule nyingine. Baadaye, kati ya 1973 na 1976, mamilioni ya watu nchini walihamishiwa vijijini kwa amri. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikafutwa, hata vikaruhusiwa tena kwa sheria ya 1982. Hapo twajifunza kwamba mashine yaweza kuchukuliwa kwa siku moja. Lakini aliyekwisha kujifunza kuitengeneza hanyang'anywi ujuzi wake.

Bonde letu la Kilombero nalo lina ushuhuda wake. Mitambo ya Kidatu, iliyoanza kutoa umeme mwaka 1975, ina uwezo wa megawati 204. Na ile ya Kihansi, iliyofunguliwa mwaka 2000, megawati 180. Maji yetu yaliangaza miji ya mbali, na nyaya kubwa zikapita juu ya mashamba, huku vijiji vingi vya bondeni vikikaa gizani kwa miaka mingi. Kuwa karibu na mtambo si kuumiliki, wala si kuujua.

Sasa tutazame mfano wa njia nyingine. Mwaka 1985, katika mradi wa alizeti uliofanywa Arusha, Bwana Carl Bielenberg, Mmarekani, alibuni kikamulio cha mafuta cha mkono. Ni chombo chepesi kueleweka: mtu huinua mpini mrefu, mbegu hushuka katika bomba, akiushusha, mchi wa chuma huzisukuma na kuzibana, mafuta yakatoka katika matundu na mashudu yakatoka mwishoni. Hakihitaji dizeli wala umeme. Hufanya kazi vizuri zaidi kwa alizeti ya ganda laini, nacho huchosha mikono. Lakini fundi wa kuchomelea vyuma katika karakana ndogo aweza kukiunda na kukitengeneza. Kwa kuwa ufundi wake haukufichwa, kilienea hata Kenya, Uganda, Zambia na Zimbabwe.

Siku hizi ufundi wa namna hii huitwa teknolojia huria; maana yake, michoro hutolewa wazi, na kila mtu ana ruhusa ya kuinakili, kuirekebisha na kuwapa wengine. Huko Marekani, Bwana Marcin Jakubowski alianzisha mwaka 2003 kazi iitwayo Open Source Ecology, na katika shamba lililoko Missouri akaanza kuchora mashine 50 za kutosheleza kijiji, zikiwamo trekta na mashine ya kufyatulia matofali ya udongo. Si zote zilizokamilika, lakini michoro iliyokwisha kutolewa yaweza kusomwa na fundi wa Ifakara sawa na fundi wa Missouri.

Basi, ndugu wanachama, kabla ya kulipia mashine yo yote katika miaka kumi ijayo, tuulize mambo matatu. Michoro yake iko wapi? Vipuri vyake vyaweza kuundwa Ifakara? Na ni vijana gani wawili wa Masagati watakaofundishwa kuifungua kabla haijafika? Bei ikiwa ndogo lakini majibu hayapo, tusiinunue. Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Wenzetu wa Litowa walianza kujitegemea wakiwa na majembe, na walianza mara mbili. Sisi tunao mpunga, mito ishukayo milimani, na chama chenye umri wa miaka kumi. Michoro na itunzwe katika ofisi ya chama, mahali ambapo mwanachama ye yote aweza kuiomba na kuisoma.