Hati ya Kusafiria Ndiyo Tiketi: Taratibu za Kusafiri kwa Treni ya Mwendokasi Nchini China

Wananchi wa Afrika Mashariki wanaokwenda China kwa biashara, masomo, matibabu au shughuli za kikazi hulazimika mara nyingi kuendelea na safari kwa treni ya mwendokasi baada ya kushuka kwenye ndege. Usafiri huo ni wa haraka na huzingatia ratiba, lakini masharti yake hayana nafasi ya maombezi langoni. Taarifa za hati ya kusafiria zisipolingana na tiketi, kituo kikikosewa au muda ukipita, treni huondoka na nauli inaweza kupotea.

Mtandao na aina za treni

China ilifungua njia ya reli ya Beijing hadi Tianjin, yenye treni za kasi ya kilomita 350 kwa saa, tarehe 1 Agosti, 2008, siku chache kabla ya Michezo ya Olimpiki ya Beijing. Njia ya Beijing hadi Shanghai, yenye urefu wa kilomita 1,318, ilifunguliwa tarehe 30 Juni, 2011. Umbali huo unazidi kidogo urefu wa Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, na treni zilizo za haraka zaidi huukamilisha kwa takriban saa nne na nusu. Hadi mwisho wa mwaka 2024, mtandao wa reli za mwendokasi nchini humo ulikuwa umefikia takriban kilomita 48,000, ukiwa mrefu kuliko wa nchi nyingine yoyote duniani.

Kwa kulinganisha, treni ya umeme ya Tanzania katika reli ya kisasa ya SGR, ambayo wananchi wengi huiita pia treni ya mwendokasi, ina kasi ya juu ya kilomita 160 kwa saa.

Namba ya kila treni huanza na herufi inayoonesha aina yake. Herufi G huwakilisha treni za kasi kubwa zaidi, zinazofikia kilomita 300 hadi 350 kwa saa. Herufi D ni za kasi ya hadi kilomita 250, na herufi C ni za safari fupi kati ya miji jirani. Kwa kawaida kuna daraja la pili, daraja la kwanza na daraja la biashara. Katika daraja la pili, kila mstari una viti vitano, vyenye herufi A, B, C, D na F. Viti A na F vipo dirishani, na herufi E haitumiki kabisa.

Ununuzi wa tiketi

Tiketi zote huuzwa kwa jina la msafiri. Utaratibu huo ulianza katika treni za mwendokasi mwezi Juni, 2011, na kuenea kwa treni zote nchini humo kuanzia tarehe 1 Januari, 2012. Kwa raia wa kigeni, kitambulisho kinachotumika ni hati ya kusafiria. Kwa kuwa tiketi sasa huhifadhiwa kielektroniki, hati hiyo ndiyo inayomwezesha msafiri kupita langoni. Picha ya hati iliyohifadhiwa katika simu haichukui nafasi ya hati yenyewe.

Majina yanapaswa kuandikwa kama yalivyo katika hati, bila kufupishwa wala kuachwa hata moja. Namba ya hati nayo ihakikiwe herufi kwa herufi kabla ya malipo, hasa pale tiketi inaponunuliwa kwa niaba ya mtu mwingine. Aliyebadilisha hati ya kusafiria aepuke kutumia taarifa za hati ya zamani zilizohifadhiwa katika simu au kwa wakala.

Mfumo rasmi wa mauzo ni tovuti na programu ya simu ya 12306 ya shirika la reli la China, ambayo ina sehemu ya lugha ya Kiingereza. Msafiri anaweza pia kununua dirishani kituoni au kwa wakala, ambaye huweza kutoza ada ya huduma juu ya nauli. Kwa kawaida mauzo hufunguliwa siku 15 kabla ya safari. Nafasi huwa chache wakati wa Sikukuu ya Mwaka Mpya wa Kichina, mapumziko ya kitaifa yanayoanza tarehe 1 Oktoba, na kwa wanaokwenda Guangzhou, wakati wa Maonesho ya Canton yanayofanyika kila majira ya kuchipua na ya vuli.

Kituo na muda

Miji mikubwa ya China ina vituo kadhaa vya reli, na umbali kati ya kimoja na kingine unaweza kuwa wa zaidi ya saa moja kwa gari. Mjini Guangzhou kuna Guangzhou South, Guangzhou East na Guangzhou Baiyun, kilichofunguliwa Desemba 2023. Mjini Shanghai, treni nyingi za mwendokasi huanzia Shanghai Hongqiao, ilhali ndege nyingi za kimataifa hutua Pudong, upande wa pili wa jiji. Jina la mji pekee, kwa hiyo, halitoshi. Jina kamili la kituo lisomwe katika tiketi na kuoneshwa kwa dereva wa teksi kwa maandishi ya Kichina.

Saa katika tiketi huandikwa kwa mfumo wa saa 24. Treni ya 08:05 huondoka saa 2:05 asubuhi kwa hesabu ya Kiswahili, na ya 14:05 huondoka saa 8:05 mchana. China yote hutumia saa moja, iliyo mbele ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tano.

Abiria na mizigo hukaguliwa kwa mashine kabla ya kuingia katika ukumbi wa kusubiri, na lango la kuelekea jukwaani hufungwa dakika chache kabla ya treni kuondoka. Inashauriwa kufika kituoni angalau saa moja kabla. Pale ambapo lango la kujihudumia halisomi hati ya kigeni, msafiri atumie njia yenye mhudumu. Hati huhitajika tena wakati wa kutoka katika kituo cha mwisho.

Mizigo na watoto

Mtu mzima anaruhusiwa mzigo wa kilo 20, ambao jumla ya urefu, upana na kimo chake haizidi sentimita 130. Wafanyabiashara wenye sampuli nyingi za bidhaa wanashauriwa kuzituma kwa huduma za usafirishaji wa mizigo. Visu vyenye makali yanayozidi milimita 60 haviruhusiwi.

Tangu tarehe 1 Januari, 2023, nauli ya watoto huzingatia umri badala ya kimo. Mtu mzima mmoja anaweza kusafiri na mtoto mmoja wa chini ya miaka sita bila malipo, iwapo mtoto hatumii kiti chake. Mtoto wa miaka 6 hadi 14 hununuliwa tiketi ya punguzo.

Kuvuta sigara ni marufuku popote ndani ya treni za mwendokasi, vikiwemo vyoo na nafasi kati ya mabehewa. Faini ni kati ya Yuan 500 na 2,000.

Kubadilisha au kurejesha tiketi

Tiketi ikirejeshwa siku nane au zaidi kabla ya safari, hakuna makato. Baada ya hapo hukatwa asilimia 5 hadi saa 48 kabla ya safari, asilimia 10 kati ya saa 48 na 24, na asilimia 20 ndani ya saa 24 za mwisho. Treni ikishaondoka, nauli hairejeshwi, ingawa aliyechelewa anaweza kuomba kuhamishiwa treni nyingine ya siku hiyohiyo yenye nafasi. Anapaswa kwenda dirishani mara moja.

Tahadhari kwa wanaokwenda Hong Kong

Tangu tarehe 23 Septemba, 2018, treni za mwendokasi hufika katika kituo cha West Kowloon, Hong Kong, ambako ukaguzi wa uhamiaji wa pande zote mbili hufanyika. Ingawa safari kutoka Shenzhen ni ya chini ya nusu saa, kisheria msafiri huhesabika kuwa ametoka China bara. Mwenye viza ya kuingia mara moja huwa ameitumia, na hawezi kurudi Guangzhou au Yiwu bila viza nyingine, hata kama mizigo yake na tiketi yake ya ndege viko huko. Idadi ya maingilio iliyoandikwa katika viza inapaswa kuhakikiwa kabla ya tiketi kununuliwa.

Endapo hati ya kusafiria itapotea, mhusika atoe taarifa kwa polisi wa eneo husika na kuwasiliana na ubalozi wa nchi yake uliopo Beijing kabla ya kuendelea na safari. Nakala ya hati na ya viza, ikitunzwa mbali na hati halisi, hurahisisha kupatiwa huduma.