Moyo Uliosahauliwa Mtini

Mwaka 1870 kampuni ya Bell & Daldy ya London ilichapa kitabu cha hadithi za Unguja. Aliyezikusanya ni Edward Steere, mmisionari wa chama cha Kianglikana cha UMCA aliyefika kisiwani mwaka 1864 akawa anakaa na wenyeji, wao wakisimulia, yeye akiandika. Ukurasa wa Kiswahili umetazamana na wa Kiingereza. Humo mna kisa cha punda wa dobi, na kwa kumsomea mtoto kwa sauti sijaona kinachokishinda.

Kisa kinaanza mbali na punda: kima na papa wamefanya urafiki. Mkuyu umeota penye kilindi, nusu ya matawi yake yameelekea nchi kavu, nusu yameinamia bahari. Kima akila kuyu juu, papa naye hutupiwa zake chini. Siku zikapita, papa akamwalika rafiki yake nyumbani na kumpakia mgongoni. Wamefika katikati ya bahari ndipo papa anatoboa siri: Sultani wao ni mgonjwa sana, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima hatetemeki. Anasikitika tu kwamba hakuambiwa mapema, maana kabila lao hawatembei na mioyo, huiacha mtini. Turudi basi tukauchukue! Papa anageuza.

Nilipowasomea wapwa zangu, nilinyamaza mahali ambapo kima amekwisha kupanda mti. Yuko juu, kimya. Papa anaita, hajibiwi. Anaita tena. Sikuongeza neno, na watoto wenyewe wakaanza kuita kwa sauti nzito ya papa: "We kima! Shuka, twende!" Mdogo wao alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili kwa kicheko. Kunyamaza huko kumo ndani ya kisa chenyewe. Msomaji ana kazi ya kukuheshimu tu.

Nilitaka kujua kicheko hiki kimetoka wapi, nikaanza kurudi nyuma, kitabu kwa kitabu.

Kituo cha kwanza ni Kiarabu. Katikati ya karne ya 8, huko Iraki, Ibn al-Muqaffa, Mwajemi aliyekuwa bingwa wa kuandika Kiarabu, alifasiri Kalila wa Dimna. Kima yumo. Rafiki yake lakini si papa, ni kobe wa majini, na matunda wanayogawana ni tini. Sultani wa majini hayupo. Anayejidai mgonjwa ni mke wa kobe, amechoka kuona mume wake hakai nyumbani.

Ibn al-Muqaffa naye alifasiri kutoka Kipahlavi, lugha ya zamani ya Waajemi. Kwa Kipahlavi kitabu kilikuwa kazi ya tabibu Borzuya, katika karne ya 6, zama za mfalme Khosrow Anushirvan. Na Borzuya alikitoa India, katika Kisansikriti, kwenye hadithi za Panchatantra. Masimulizi ya Wahindi yanasema mzee Vishnu Sharma alizitunga kwa ajili ya watoto wa mfalme waliokuwa wazito wa kusoma, ambao kila mwalimu alikuwa amewashindwa. Naipenda sana asili hiyo: kitabu kilichovuka bahari na karne kimeanza na watoto waliochoshwa na darasa.

Huko India rafiki wa nyani ni mamba, na matunda ni zambarau, zilezile zinazopaka watoto wa pwani rangi ya ulimi. Mke wa mamba anaonjeshwa, kisha anafikiri hivi: kama huyo mnyama hula matunda matamu namna hii kila siku, moyo wake utakuwa na utamu gani? Niliposoma hapo nilicheka peke yangu.

Kwa hiyo mamba alikuja kuwa kobe, kisha papa. Zambarau zikawa tini, tini zikawa kuyu. Unguja ilikuwa na majahazi ya Maskati na ya Kachi yakiletwa na kaskazi kila mwaka, na kisa kilipofika mji wenye ikulu, mke mwenye wivu aliondoka, akaingia Sultani mgonjwa. Msimulizi wa pwani alijua wasikilizaji wake. Ila pale pa kucheka hapakuguswa.

Na kuna jambo linalonikera. Vitabu vingi vya watoto nilivyovishika hukomea kima alipopanda mtini. Kumbe nusu ya utamu bado. Papa akiendelea kuita, kima anamuuliza kama anamdhania ni punda wa dobi, na hapo kinafunguka kisa ndani ya kisa. Tangu India viwili hivi vimesafiri pamoja, na kule aliyekuwa mjanja ni mbweha. Kwetu kazi hiyo ilikuwa na mwenyewe tayari, sungura.

Punda amemtoroka dobi, amenenepa mwituni. Sungura anamwendea kumposea simba. Punda anafurahi, anafuata, simba anamrukia, punda anaponyoka. Kisha sungura anamrudia, na punda anakubali mara ya pili! Safari hii hatoki. Simba anamwambia sungura achome nyama, yeye anataka moyo na masikio tu. Sungura anavila faraghani. Akiulizwa, anajibu kwamba punda yule hakuwa navyo: angekuwa na moyo na masikio, angerudi mara ya pili?

Mwaka 1901 George Bateman alikichapa Chicago kwa Kiingereza, punda akiwa mahali pake. Wahariri wetu wa leo wanaweza kumrudisha bila taabu, kwani Kiswahili chake kipo kimeandikwa tangu 1870.

Anayekisoma kwa sauti, simba ampe sauti kubwa kadiri awezavyo. Sungura asisomwe kwa hila wala kunong'ona, jibu lake litaharibika. Alitoe haraka, kama mtu anayeshangaa kwamba jambo lililo wazi hivyo linaulizwa, kisha msomaji atue, maana watoto wakubwa watacheka papo hapo na wadogo watataka kuelezwa na wakubwa.