Ubongo Ulipofungiwa Kengele

Mwishoni mwa miaka ya 1950, mwanasaikolojia Joe Kamiya wa Chuo Kikuu cha Chicago alikuwa akimweka mtu kwenye chumba chenye giza, macho kafumba, kichwani kabandikwa vinasa umeme. Kengele ikilia, mtu huyo alibahatisha: ubongo wake uko kwenye mawimbi ya alfa, yale ya umeme wa ubongo uliotulia, au la? Papo hapo aliambiwa kama amepata au amekosa. Vikao vikiendelea, wengi waliacha kubahatisha, wakawa wanajua. Wengine hata wakaweza kuyaleta mawimbi hayo kwa kutaka kwao.

Kufikia miaka ya 1970, vifaa vya alfa viliuzwa Marekani kwa ahadi za utulivu wa haraka, na wanasayansi wengi wakaikimbia fani hii ya kumfundisha mtu kuuongoza ubongo wake. Siwalaumu. Isitoshe, umeme wa juu ya kichwa hausemi mengi kuhusu amigidala, sehemu ndogo iliyo ndani kabisa, inayohusika na hofu na furaha.

Kilichofungua njia ni damu. Mwaka 1990, Seiji Ogawa na wenzake wa Bell Labs walionyesha kwamba MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, huweza kufuatilia oksijeni katika damu ya ubongo, na hivyo kuonyesha sehemu zinazofanya kazi, hata zile za ndani. Mwaka 1995 picha hizo zilianza kuchambuliwa mtu akiwa bado ndani ya mashine.

Ndivyo ilivyofanyika katika taasisi ya Laureate, mjini Tulsa, Oklahoma. Mgonjwa wa sonona analala katikati ya kelele za mashine, na mbele yake pau nyekundu inapanda na kushuka kufuata amigidala yake. Kwa sekunde 40 anakumbuka jambo lililomfurahisha, akijaribu kuifikisha pau kwenye kiwango alichowekewa. Damu huitikia kwa kuchelewa sekunde kadhaa, kwa hiyo subira inahitajika.

Mwaka 2017 Kymberly Young na wenzake walitoa matokeo ya wagonjwa 36. Wote waliagizwa kukumbuka furaha, ila 17 kati yao pau yao ilifuata sehemu nyingine ya ubongo, bila wao kujua. Baada ya vikao viwili, dalili zilipungua kwa zaidi ya nusu kwa wagonjwa 12 kati ya 19 waliofuata amigidala; kwa wale 17, ni wawili tu. Kwangu mimi, ujanja huo wa pau ya bandia ndio ulioirudishia fani heshima kuliko mashine yenyewe.

Lakini MRI ni ghali. Timu ya Talma Hendler, Tel Aviv, imetafuta, katika umeme wa juu ya kichwa, alama inayoashiria msisimko wa amigidala, na mwaka 2019 ikachapisha matokeo ya kuwafundisha askari kwa njia hiyo.