Pango hai la Greccio
Pango hai la Greccio ni igizo la kuzaliwa kwa Yesu linalofanywa wakati wa Noeli na wenyeji wa Greccio, kijiji cha kale cha milimani mkoani Lazio, Italia. Waigizaji huvaa mavazi ya Zama za Kati, kwa kuwa kinachokumbukwa hasa ni mkesha wa Noeli wa mwaka 1223. Mwaka huo Fransisko wa Asizi alimwomba bwana mmoja wa huko, Giovanni, aandae hori, nyasi kavu, ng'ombe na punda, kisha Misa ikaadhimishwa papo hapo horini. Fransisko, aliyekuwa shemasi, aliimba Injili na kuhubiri. Thoma wa Celano, aliyeandika maisha yake, anasimulia kuwa jina la Bethlehemu alilitamka kama kondoo anayelia. Ajabu ni kwamba masimulizi hayo hayataji mtu yeyote aliyeigiza Maria wala Yosefu. Nyasi za hori zilihifadhiwa, na mifugo wagonjwa wakalishwa ili wapone. Pale palipokuwa na hori pakajengwa altare. Tarehe 1 Desemba 2019 Papa Fransisko alitia sahihi hapo Greccio barua yake kuhusu pango la Noeli, Admirabile signum.